Baba Alitembea Kushoto Kwangu

Mpaka nilipofika darasa la sita niliamini kwamba sikio la kushoto la baba yangu limekufa. Ushahidi nilikuwa nao. Kila tulipotembea pamoja, asubuhi nikienda shule na jioni nikirudi, yeye alikuwa kushoto kwangu na mimi kulia kwake, na nikijisahau nikapita upande wa pili alinishika bega akanirudisha, kama anavyorudisha tofali lililokaa vibaya kwenye mstari. Baba alikuwa fundi mwashi. Kutwa kucha aligonga mawe, na Mwanza mawe hayaishi. Nikajiambia ni zile kelele zimemharibu. Basi nikawa naongea naye kwa sauti ya juu, kwa huruma, naye nadhani alinivumilia tu, akisema moyoni kwamba Mungu amempa mtoto mpayukaji.

Niseme mapema jambo ambalo mkiniona mngeliona wenyewe: mimi ni albino. Tulizaliwa wanne, na wenzangu watatu wote wamechukua rangi ya baba, nyeusi inayong'aa. Kwa mtu kama mimi jua ni jirani mkorofi. Lazima ujue saa hizi yuko upande gani, maana ukikutana naye bila kujiandaa, ngozi inaungua na macho hayaoni kitu. Kulikuwa na sababu nyingine pia ya mtoto wa aina yangu kutotembea peke yake njiani miaka ile, na watu wa Kanda ya Ziwa wanaijua. Siiandiki hapa. Imeandikwa vya kutosha na watu waliokuja na kamera. Mimi naandika habari za jua na baba yangu.

Nyumba yetu iko mlimani, katikati ya majabali, mbele inatazama ziwa upande wa kaskazini na nyuma inatazama jiwe moja kubwa kuliko nyumba yenyewe. Shule ilikuwa chini, kusini, ng'ambo ya jiwe hilo. Saa moja asubuhi, jua likiwa limechungulia tu, kivuli cha baba kilikuwa kirefu mno, kinapanda mpaka kwenye kuta za majirani. Saa hizo aliweza kutembea hatua tatu mbali nami, akisalimia watu, na bado nikawa ndani ya kivuli chake. Jioni sikutoka na wenzangu saa nane. Mwalimu aliniacha nikae darasani mpaka saa kumi, baba anaponipitia akitoka kazini, na saa hizo kivuli cha mtu kinakaribia kulingana na kimo chake. Hapo ilibidi nimsogelee kidogo. Siku za likizo tukitumwa mahali saa nne na nusu, ilibidi nimsogelee kabisa, mkono wangu unagusa suruali yake yenye saruji iliyokauka. Kadiri jua lilivyopanda ndivyo nilivyokuwa karibu na baba.

Mchana hakuwa na kitu cha kunipa, maana kivuli chote kiko chini ya viatu vyake. Kwa hiyo mchana hatukutoka. Na mchana wa kwetu hauji saa sita kamili. Saa tunagawana na Dar es Salaam, lakini jua wao wanalipata kwanza, na huku linafika utosini karibu na saa saba. Baba alilijua hilo bila kuangalia saa.

Mtauliza, je, sikuona kwamba natembea kivulini? Niliona. Lakini mtoto haulizi vitu alivyozaliwa akavikuta. Kivuli kilikuwa sehemu ya baba, pamoja na harufu ya saruji na kikohozi chake cha asubuhi. Haikunijia akilini kwamba ananiletea kwa makusudi. Nilishughulika na sikio.

Baraza alinijengea nikiwa darasa la tatu, likizo ya Juni. Mama alikuwa fundi cherehani, na chumba cha mbele kilijaa vitambaa vya watu hata pa kuweka mguu hapakuwepo. Nilichoka kukaa ndani nikisikiliza wenzangu wakicheza. Siku moja nilisusa kula, na mimi nikisusa nasusa kweli, mpaka leo. Baba akasema basi, nitakujengea mahali pako pa nje.

Fundi mwingine angetupa jicho mara moja akaanza kuchimba msingi. Baba aliacha kazi siku tatu. Alipindua ndoo nyuma ya nyumba, upande wa kusini, akaikalia kuanzia macheo mpaka machweo, anatazama ukuta. Siku tatu zote jua halikuugusa. Lilichomoza mbele ya nyumba, likapita juu likiegemea ziwani, likatua mbele ya nyumba. Hata lilipokuwa juu kabisa, kivuli cha ukuta kilikuwa na upana wa hatua moja na nusu, na ubaridi wake mtamu. Akapiga mstari kwa mkaa.

"Hapa," alisema, "jua litafika siku ya Kiyama."

Mama alikuwa dirishani, anakata kitambaa. Yeye alizaliwa Usukumani, kwa wakulima wa pamba. "Baba watoto," alisema bila kuinua macho, "jua linahama."

"Linahamia wapi?"

"Linahama. Kwetu wakati wa kupanda linachomoza upande huu wa mlima, wakati wa kuvuna linachomoza upande ule. Hata mtoto anajua."

"Hilo ni jua la shambani," baba akasema. "Sisi wa mjini tuna la kwetu, halina haja ya kulima."

Tulicheka wote, na mama mwenyewe akacheka. Baraza ikajengwa. Ilikuwa nzuri kuliko baraza zote za mtaa ule, na ninasema hivyo nikiwa nimezikalia nyingi. Aliipima kwa miguu yangu, ili nikikaa nyayo zifike chini. Alinitengenezea kishimo ukutani cha kuwekea daftari. Akamalizia kwa rangi nyekundu na kuisugua mpaka ikateleza. Julai, Agosti, Septemba nilikaa pale kama malkia, na wenzangu wakaanza kuja kwangu.

Wanasema majuto ni mjukuu. Wetu alikuja Desemba.

Mvua za vuli zilikuwa zimefunika anga karibu kila siku, hakuna aliyeliona jua likikaa sana mahali pamoja. Siku hiyo mama alishuka mjini, Mirongo, kununua uzi na vifungo, akaniacha na baba. Nilikula, nikawa na usingizi, na ndani kulikuwa na joto. Baba akaniambia, "Kalale barazani kwako, mama, kuna baridi." Wazee wa kwetu humwita binti "mama" wakimpenda. Nikalala ubavu wa kulia, sikio la kushoto juu. Baba akaenda msikitini kuswali Adhuhuri.

Mawingu yalifunguka akiwa huko. Na jua, ambalo tangu mwisho wa Septemba lilikuwa limevuka kimyakimya kwenda upande wa kusini, lilisimama juu ya lile jiwe kubwa na kunimulika mzima mzima, pale pale lilipotakiwa kufika siku ya Kiyama. Usingizi wa mtoto mnaujua. Baba aliporudi sikio, shavu na shingo vilikuwa vimeanza kuvimba. Jioni ngozi ilitoa malengelenge.

Mama aliniosha kwa maji ya baridi, akanifunika khanga mbichi. Hakumgombeza baba hata neno moja, wala hakusema nilikwambia. Nadhani angegombeza ingekuwa nafuu kwake. Kwa wiki nzima, kila akitoka kazini, baba alikaa kwenye kizingiti cha chumba changu akiwa ameshika mwavuli uliokunjwa. Mpaka leo sijui mwavuli ulikuwa wa nini. Tulikuwa ndani.

Kilichomuuma zaidi, aliniambia miaka mingi baadaye, ni kwamba vivuli alivijua. Tangu akiwa mtoto madrasa alifundishwa kuvisoma: kivuli kikiisha kupungua na kuanza kurefuka, Adhuhuri imeingia, kikizidi kwa kimo cha kitu chenyewe, Alasiri imeingia. Miaka yake yote alikitazama kivuli akitaka kujua urefu wake. Kinalala upande gani, hakuwahi kujiuliza, kwa sababu swala haiulizi.

Nilipopona alichukua kipande cha nondo, akakisimika wima uani na kukizungushia zege. Kila Jumapili, siku ambayo mafundi hawaendi kazini, alikaa pale na ndoo yake kuanzia saa sita na nusu, akifuatilia ncha ya kivuli kwa kokoto, mpaka kilipokuwa kifupi kabisa. Pale alitia doa la rangi. Mwaka mzima hakukosa Jumapili yenye jua. Majirani walimuuliza kama anajenga mnara wa simu. Mtu mmoja alimwambia usipoziba ufa utajenga ukuta, sasa wewe mwenzetu unajenga nini? Baba alijibu, "Najenga akili."

Madoa yale bado yapo. Ukija nyumbani utayaona sakafuni, mstari mmoja, machache upande wa ziwa na mengine upande wa jiwe, na nondo katikati imeshika kutu. Januari kivuli cha mchana kililala upande wa ziwa. Kila wiki kikafupika. Katikati ya Machi baba aliita kwa sauti, tukakimbia wote, mama ameshika mkasi. Nondo haikuwa na kivuli. Ilisimama pale peke yake, na sisi wote tulikuwa tumevikanyaga vya kwetu. Baada ya hapo kikatokea upande wa pili, kuelekea jiwe, kikarefuka mpaka Juni, kikaanza kurudi. Mwisho wa Septemba nondo ikabaki tena bila kivuli.

"Mama watoto," baba alisema mbele yetu wote, "jua linahama."

"Linahamia wapi?" mama akamuuliza.

Baba akajenga baraza ya pili, mbele, upande wa ziwa, vipimo vile vile, kishimo kile kile cha daftari. Ile ya kwanza hakuibomoa. Mafundi wenzake walimtania kwamba amejenga nyumba ya baraza mbili na wageni hana. Lakini sisi tukapata sikukuu ambayo haipo kwenye kalenda ya mtu mwingine. Mara mbili kwa mwaka, nondo ikipoteza kivuli, tunahama. Machi tunabeba cherehani, meza na mikeka kutoka mbele kwenda nyuma. Septemba tunavirudisha mbele. Mama alikaanga maandazi. Baba alishika cherehani upande mzito na kutoa amri ambazo hakuna aliyezisikiliza.

Habari ya sikio ilimalizikia kwenye kivuko. Nilikuwa darasa la sita, tunakwenda ng'ambo kumsalimia shangazi, tukapanda kivuko cha Kamanga asubuhi. Tulikosa nafasi ya kukaa, tukasimama wazi karibu na malori. Kivuko kikaondoka gatini na kuanza kujigeuza. Mimi nilikuwa namsimulia baba jambo muhimu, na ghafla akahama akaenda kulia kwangu. Nikaona hapo hatanisikia, nikazunguka nikakaa kulia kwake. Kivuko kikazidi kugeuka, naye akapita nyuma yangu. Nikamfuata. Tukazungukana kama majogoo wawili, mama mmoja mwenye ndoo ya dagaa anatutazama mdomo wazi.

"Baba, tulia!" nikapiga kelele. "Nataka nikuongeleshe kwenye sikio zima!"

"Sikio zima lipi?"

"La kulia! La kushoto si limekufa?"

"Masikio yangu mazima yote mawili," alisema. "Ndiyo maana nasikia kelele zako. Simama hapo hapo, umeingia sasa."

"Nimeingia wapi?"

Akanionyesha sakafu ya kivuko kwa kidole. Kivuli chake kilikuwa kimelala pale, kipana, na cha kwangu hakikuonekana kwa sababu kilikuwa ndani ya chake. Kivuko kiligeuka tena, jua likasogea, naye akasogea nalo. Ndipo nilipopiga hesabu. Asubuhi tunakwenda kusini, jua liko mashariki, kushoto. Jioni tunarudi kaskazini, jua liko magharibi, kushoto tena. Miaka sita. Nililia pale pale mbele ya malori, na baba akadhani ni jua limeniingia machoni, akazidi kujipanua.

Tangu siku hiyo ikawa desturi yetu. Tukianza safari yoyote ananiuliza, "Umeingia?" Namjibu, "Nimeingia."

Sasa mimi ni mtu mzima, na cherehani ya mama ni yangu. Mama ametangulia. Baba yupo, amezeeka, mgongo umepinda, na tunaishi naye nyumba ile ile. Sikukuu yetu tunaendelea nayo, ila siku hizi yeye anatoa amri akiwa ameketi. Mimi ni mjuaji wa kinga: kofia pana, mikono mirefu, mafuta ya kukinga jua kila asubuhi. Hata hivyo mwaka huu kilitokea kidonda juu ya sikio langu la kushoto, kidogo kama punje ya mtama, kikakauka, kikafunguka, kikakauka, kikafunguka. Watu wa aina yangu tunajua maana ya kidonda kisichopona. Tumezika wenzetu.

Nilitaka kumficha baba. Lakini fundi huona ufa kabla ya mwenye nyumba. Asubuhi moja akiwa anakunywa chai aliniambia, "Hilo ndilo sikio la siku ile." Akaweka kikombe chini na hakukimalizia.

Kidonda kilikatwa kliniki, na nyama ikapelekwa kupimwa. Tukasubiri. Siku zile baba alikaa uani anatazama madoa yake. Mimi niliogopa kufa, nasema wazi, lakini niliogopa zaidi kwamba baba atabaki duniani na deni la siku ile, ambalo mimi sikuwahi kumdai. Siku ya majibu nilimwambia abaki, jua kali, mlima mrefu. Akavaa kanzu, akachukua mkongojo, akatangulia mlangoni.

Daktari alikuwa binti mdogo, mwenye adabu. Akamwamkia shikamoo, akafungua karatasi. Akasema kilikuwa saratani ya ngozi ya mwanzoni, na chote kimetoka, kando zake ni safi. Nirudi kila baada ya miezi michache, nisikae juani. Baba aliuliza swali moja tu: je, mtoto akiungua siku moja, akiwa mdogo, ndicho kinachotokea hiki?

"Hapana, babu," binti akasema kwa upole. "Ni jua la miaka yote. Siku moja hatuwezi kuilaumu."

Baba akaitikia kwa kichwa, akamshukuru. Tulipofika nje akaniambia, "Daktari mzuri. Ila siku ile hakuwepo."

"Baba," nikasema, "hata mimi nilikuwepo. Na miaka mingine yote nilikuwepo pia." Nikashusha kofia yangu. "Hicho kivuli changu chote umekitoa wewe."

Ilikuwa karibu saa kumi, mwisho wa Septemba, wiki ya kuhama. Kutoka kliniki kwenda nyumbani ni kaskazini. Jua lilikuwa magharibi, na sikio langu lenye plasta lilikuwa upande huo. Nikaanza kutembea polepole ili asichoke, na nikamsikia mkongojo wake ukipita nyuma yangu, tok, tok, kutoka kulia kwenda kushoto.

"Baba, nina kofia."

"Najua."

"Na mafuta nimepaka."

"Najua."

Akajipanga kushoto kwangu. Lakini miaka imempunguza. Kimo chake sasa kinanifika kidevuni tu. Nilitazama chini upande wa kulia na kuviona vivuli vyetu njiani: cha kwake kimefunika mwili wangu mpaka begani, na juu yake kofia yangu imechomoza peke yake. Yeye naye alikuwa ameona. Akatazama chini, akapima, kama anavyopima ukuta. Kisha akakusanya nguvu kwenye mkongojo na kunyoosha mgongo ambao haujanyooka kwa miaka kadhaa. Akafika sikioni.

Nikamsogelea mpaka mabega yetu yakagusana. Nikakunja magoti kidogo na kuinamisha kichwa, nikitembea kama mtu anayetafuta sindano, mpaka kofia yangu ikazama chini ya kivuli cha kichwa chake na njiani kikabaki kivuli kimoja.

"Umeingia?" baba akauliza, akihema.

"Nimeingia," nikamwambia.